Viatu vya Juu ya Kabati

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa tatu

Mvua imeanza. Mjukuu wangu kabla ya kurudi chuoni aliniachia daftari na kalamu, akasema, "Bibi, andika mvua nzima, nikija likizo nisome." Nikamwambia mimi sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilifundishwa na yeye, kwenye meza hii hii, siku ambazo nilikuwa na meno machache kuliko yeye. Akasema ndiyo maana anataka kusoma, aone kama alifundisha vizuri. Ana mdomo mtoto huyo. Sijui kautoa wapi.

Basi naandika. Mwenye kucheka herufi zangu aje acheke mbele yangu.

Kazi yangu kwa asiyeijua: maji ya mtaa wetu yanatoka kilimani, kwenye kijito. Kule juu kuna tangi dogo la saruji lenye chujio la waya, limezungushiwa uzio na lango la kufuli, na bomba linateremka hadi kwetu. Mvua ikipiga, majani na tope vinaziba chujio. Lisiposafishwa, mtaa mzima unafungua bomba unapata upepo. Anayepanda kulisafisha ni mimi. Kabla yangu alikuwa marehemu mume wangu. Alipoondoka nilichukua ufunguo wake, buti zake za mlimani na kilima chake, na hakuna aliyeniuliza kitu. Buti nilivaa na soksi mbili hadi miguu ikazizoea. Watoto wa mtaa wananiita Bibi Chujio. Nalipenda jina hilo kuliko nililopewa na wazazi.

Leo nimepanda, nimesafisha, nimeshuka. Kwenye mteremko wa mwisho buti ya kulia imefungua mdomo, na kidole gumba changu kikachungulia nje kama jirani mbea.

Nashukuru imengoja nifike chini.

Jumanne, tarehe 5

Nimezipeleka buti kwa fundi viatu. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la maduka, dari imelala upande mmoja, kwa hiyo kila anayeingia lazima ainame, awe mkubwa awe mdogo. Yeye anasema ni heshima anayostahili.

"Karibu, mchumba," akasema.

"Mchumba wa nani, kibogoyo wewe? Tazama kiatu."

Akakitazama. Akakinusa. Akabonyeza ngozi kwa kidole na kidole kikapita hadi upande wa pili.

"Soli nzima," akasema. "Nilimwekea marehemu kwa mkono wangu, ya tairi, hii itatuzika sote wawili. Lakini ngozi imekwisha. Hapa nikishona nitakuwa nashona hewa."

"Basi shona hewa."

"Hewa haishiki uzi, mke wangu. Ningekuwa nakutania ningekuchekea. Tazama kama nacheka."

Hakuwa anacheka. Nilizirudisha nyumbani kwenye mfuko kama kuku aliyefia njiani. Nikaziweka chini ya kitanda, upande wa mume wangu.

Nashukuru hakunidanganya. Wengine wangepaka gundi na rangi wakaniacha nikavunjike shingo.

Alhamisi, tarehe 7

Mvua ya kutwa. Maji ya bombani yameanza kuwa na rangi ya chai.

Ijumaa, tarehe 8

Nina buti nyingine. Mtaa mzima haujui, ila nyumba hii inajua.

Mwanangu, dereva wa malori makubwa, aliniletea mwaka ule mjukuu alipoingia sekondari. Za kisasa, nyepesi kama mkate, ngozi ya kahawia, soli nene yenye meno, na kamba zenye madoa mekundu. Nilizivaa kutoka kitandani hadi mlangoni, nikarudi, nikazivua. Kitu kizuri namna ile unakipelekaje topeni? Nikazitia ndani ya boksi lake, boksi nikalifunga kwa kitambaa, nikaliweka juu ya kabati. Kila mwaka kabla ya mvua nazishusha, nazifuta, nazipaka mafuta kidogo, naziambia "bado," nazirudisha. Za mume wangu zilikuwa bado zinatembea, haraka ya nini?

Leo nimelishusha boksi. Mke wa mwanangu alikuwa anapiga pasi. Akaacha pasi hewani.

"Leo, Mama?"

"Leo."

Akarudi kwenye pasi yake. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu ya siku nzima. Humu daftarini nitamwita Bi Kimya, na akisoma asome. Anafanya kazi kwenye karakana ya kushona maturubai, anaondoka asubuhi, anarudi jioni, anapika, anafua, anauliza kama nimekunywa dawa. Si mbaya. Ila maneno yake ni kama yana kufuli, na mimi ni mtu wa kupayuka. Tumeishi chini ya paa moja tangu aolewe na sijui akicheka anatoa sauti gani.

Namshukuru mwanangu kwa kuona mbali. Kesho nazivaa.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika nimeinua mguu juu ya kiti.

Nimetoka asubuhi, mvua ikiwa ya kunyunyiza tu. Buti zimenikaa kama zilizaliwa na mimi. Nikapita mbele ya duka polepole, makusudi, watu waone. Muuza duka akasema, "Bibi Chujio leo kavaa ndege." Nikacheka, nikaanza kupanda.

Hadi kwenye kijito hakukuwa na neno. Pale navuka kwa kukanyaga mawe. Jiwe la kwanza sawa. La pili, nikahisi nimekanyaga kitu laini, kama mkate uliolowa. Nikadhani ni kuvu. Nikatazama chini, nikaona maji yanaondoka na vipande vyeusi. Nikainua mguu. Soli ilikuwa inakatika kama keki ya juzi. Haikubanduka, nasema inakatika, vipande vipande, na ndani ni unga. Nikainua mguu wa pili na wenyewe ukaanza, kana kwamba ilikuwa imeahidiana.

Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikafikiria mtaa mzima, na yule mama wa nyumba ya kona mwenye mapacha wachanga, anapata maji ya chai. Nikavua mtandio, nikauchana, nikafunga kila buti kuanzia juu hadi chini. Nikapanda hivyo hivyo, hatua moja mbele, nusu nyuma. Nikafungua kufuli, nikasafisha chujio. Lilikuwa limeziba kabisa, majani yamelala juu yake kama blanketi. Maji yalipoanza kunguruma ndani ya bomba nikasema asante kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Kushuka ndiko kulikonipata. Mteremko wa mwisho ni udongo mwekundu, ukilowa ni sabuni. Kitambaa kikafunguka, mguu ukaenda peke yake, mimi nikaufuata. Nikajikuta nimekaa kijitoni, maji yanapita kiunoni, kifundo cha mguu kinawaka moto. Nikajaribu kusimama. Sikuweza. Nikajaribu tena.

Niseme ukweli, maana daftari haliendi kutangaza. Niliogopa. Sijaogopa vile tangu siku ya kujifungua mara ya kwanza. Nilipiga kelele na mvua ikazila.

Aliyenikuta ni Bi Kimya. Alikuja amevaa aproni yake ya jikoni, miguu peku, viatu kashika mkononi, mvua inamchuruzika puani. Hakusema "nilikuambia." Hakusema hata "pole." Akaingia majini, akanishika chini ya makwapa, akaniinua kama mtu anayeinua turubai lililojaa maji. Akaniketisha kwenye jiwe. Kisha, na hapa ndipo aliponiudhi, akainama akaanza kuokota vile vipande vya soli, kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa aproni.

"Vya nini hivyo?" nikauliza.

"Basi tu."

Nikajua anakusanya ushahidi. Atamwonyesha mwanangu: tazama mama yako alivyoharibu ulichomletea.

Akanibeba mgongoni hadi chini. Mimi, mzito hivi. Na pale chini, mbele ya duka, mwavuli mkononi, nani amesimama? Mwenyekiti wa kamati ya maji.

Leo sina cha kushukuru.

Haya. Chai ilikuwa ya moto.

Jumapili, tarehe 10

Mwenyekiti amekuja. Kifundo hakikuvunjika, ni kuteguka tu, nikamwambia hivyo kabla hajaketi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kifundo hakikuvunjika."

"Nimesikia. Bibi, mimi sikuja kugombana."

"Basi umekosea nyumba."

Akatabasamu, lakini akaendelea. Akasema jana ningefia kule juu na mtaa ungejua siku bomba litakapokauka. Akasema fundi bomba, kijana wa kamati, atapanda badala yangu. Akasema, "Kwa sasa." Najua "kwa sasa" ya wanakamati. Ile benchi ya zahanati iliondolewa kwa sasa na hadi leo tunasimama.

"Nikipata viatu?" nikamuuliza.

"Ukipata viatu, na mguu ukapona, nitapanda na wewe nikuone kwa macho yangu. Nikiridhika utarudi. Nisiporidhika, Bibi, utanisamehe, lakini utakaa nyumbani."

Akanyoosha mkono. Ufunguo nauvaa shingoni, kwa uzi ule ule wa mume wangu. Nikauvua. Shingo imebaki nyepesi, wepesi mbaya.

Jumanne, tarehe 12

Fundi bomba amepanda. Maji yametoka safi. Inauma.

Jumatano, tarehe 13

Nimechechemea hadi kwa fundi viatu na buti zangu mpya zilizokufa. Sikuinama vizuri, nikagonga kichwa, hasira zikaongezeka.

"Viatu vya siku hizi ni biskuti!" nikamwambia. "Vya mume wangu vimetembea hadi ngozi ikawa karatasi, hivi vimevuka mawe mawili! Wezi watupu!"

Akavichukua, akavigeuza, akachokoa soli kwa ncha ya kisu. Unga ukamwagika kwenye mapaja yake. Akaanza kucheka taratibu hadi mabega yakatikisika.

"Ulivinunua lini, mchumba?"

Nikamwambia. Nikamwambia na juu ya kabati.

"Umevinyonga mwenyewe."

"Nilivitunza!"

"Ndiyo nasema. Sikiliza. Za zamani ni ngozi, uzi na misumari, hata ukizifungia mwaka, ukizitoa ni zile zile. Hizi katikati zina sponji. Ile sponji ndiyo inayokufanya ujione unaruka. Lakini unyevu unaila polepole hata ikikaa bure. Ungezivaa ungezichakaza, ndiyo, lakini zingekuwa zimekutembeza miaka minne, mitano. Wewe umezipangisha chumba bure hadi zikafia ndani. Kila siku naletewa hizi. Zote zilikuwa zinasubiri harusi."

Nikachukua kiatu kimoja, nikaifinya soli, nikabaki na unga kiganjani.

Akaacha kucheka. Akaingiza mkono ndani ya buti, akaikunja ngozi, akaisugua kwa dole gumba.

"Lakini ngozi hii haijaona hata jua. Aliyeichagua alijua kuchagua. Za marehemu bado unazo?"

"Ziko chini ya kitanda."

"Zile soli za tairi. Nazing'oa kule, nazileta huku. Naweka ngozi ngumu katikati mahali pa sponji. Zitakuwa nzito, huendi kuruka tena, lakini utapanda."

Nikamwambia aanze leo. Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu. Vidole vimevimba kwenye viungo, na cha shahada hakinyooki.

"Kuchonga naweza. Kupanga naweza. Kuvuta uzi mnene wenye nta kuzunguka soli yote, hapana. Tangu mwaka jana sishoni soli nene. Nabandika tu na kuomba Mungu. Yako siwezi kubandika, iko majini kila siku. Anatakiwa mtu aliyezoea sindano kubwa. Wewe si una mkwe kule kwenye maturubai?"

Nashukuru soli zipo na ngozi ipo. Lakini katika watu wote!

Ijumaa, tarehe 15

Sijamwomba.

Jumamosi, tarehe 16

Bado. Amenikanda mguu kwa maji ya moto, nikafungua mdomo, nikasema maji yamezidi moto.

Jumatatu, tarehe 18

Nimemwomba.

Alikuwa ndiyo anaingia, anavua viatu vya kazini mlangoni. Nikaziweka buti mezani. Nikasema kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza kidonge, "Fundi anasema mkono wake hauwezi uzi mnene, anasema wa kushona ni wewe, kama hutaki sema hutaki."

Akaja akazishika. Akaingiza mkono ndani, kama alivyofanya fundi.

"Ngozi nzima," akasema.

"Nzima. Soli ndiyo biskuti."

Akaenda chumbani kwake, akarudi na mfuko mdogo. Akamimina mezani vile vipande alivyookota. Alikuwa amevikausha. Nikajiandaa. Nikasema moyoni, haya, ushahidi huo.

"Nilitaka nimpelekee mwenye duka," akasema. "Nilipokwenda, duka halipo tena. Aliniapia kabisa kwamba zitadumu."

"Alimwapia nani?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa unatafuta nini huko?"

Akanitazama kama anatafuta kama namtania.

"Mama, nilikuwa nanunua. Nani mwingine angejua mguu wako? Mwanao hajui hata namba ya kiatu chake."

Na ni kweli hajui! Nilimnunulia mimi hadi alipooa, kisha akawa ananunuliwa na mkewe. Mtu anayeendesha lori kupita milima, umuulize namba ya kiatu, anasema "za kawaida."

Nikakaa. "Ulijuaje mguu wangu?"

"Ulitoka kuoga, ukaacha unyayo sakafuni. Nikaupima kwa uzi kabla haujakauka. Sikutaka ujue." Akaanza kukusanya vile vipande, na maneno yakamtoka bila kunitazama. Sijawahi kumsikia akisema mengi kiasi kile. "Buti za Baba zilikuwa kubwa, nilikuwa nakuona unavaa soksi mbili. Nikasema nimtafutie zake mwenyewe. Kisha zikapanda juu ya kabati. Kila mwaka nakuona unazishusha, nasema leo atavaa. Unazifuta, unazirudisha. Nikasema basi, hajazipenda. Nikasema labda angeletewa na mwingine angezivaa."

Jamani. Miaka yote hiyo mimi namwona ana kufuli mdomoni, na kufuli lenyewe liko kwenye boksi langu.

"Nilizipenda hadi nikaziogopa, mwanangu," nikamwambia. "Sijawahi kuwa na kitu kizuri vile. Nilikuwa nasubiri siku itakayofanana nazo."

"Siku ya mvua, Mama. Ni viatu vya mvua."

"Sasa najua!"

"Nimeambiwa muuza duka alikuita ndege."

"Ndege aliyetua kijitoni kwa makalio!"

Akacheka. Mjukuu wangu, andika mahali: mama yako anacheka kama birika linaloanza kuchemka, kwanza puani, kisha linafunguka. Nyumba nzima ilisikia, ingawa nyumba nzima ni mimi.

Nimempigia simu mwanangu. "Hizi buti alinunua nani?"

"Yeye. Mimi nilibeba."

"Mbona hukusema?"

"Mama, nilisema 'tumekuletea.' Wewe ulishaanza kupiga vigelegele. Nani angesikika?"

Sina zaidi. Nashukuru, nashukuru, nashukuru.

Alhamisi, tarehe 21

Fundi viatu amechonga ngozi ya katikati na kung'oa soli za tairi. Amesema kuzing'oa kulikuwa kama kumtoa mama mkwe kwenye harusi. Nikamwambia mama mkwe mwenyewe ndiye mimi, achunge ulimi.

Jumamosi, tarehe 23

Bi Kimya ameshona kiatu cha kushoto. Sasa jina hilo halimfai, lakini nimeshalizoea.

Meza imejaa nta, uzi, na kipande cha ngozi anachovaa kiganjani ili sindano isimtoboe. Fundi alikuja kusimamia. Aliketi pale akitoa amri kama nahodha.

"Vuta. Vuta hadi ulie. Hujalia bado?"

"Silii, Mzee."

"Mchumba, mkweo ana mkono kuliko mimi nilipokuwa na meno."

"Wewe uliwahi kuwa na meno?"

Kila tundu anapitisha uzi mara mbili, kutoka huku na kutoka kule, ili ukikatika mmoja mwingine ushike. Nilitazama mikono yake. Ina sugu kwenye vidole vyote, na nilidhani ni za kufua. Nimekuwa nikipokea chai kutoka mikono ile kila asubuhi na sikuwahi kuitazama.

Jumanne, tarehe 26

Mvua kubwa, ya kupiga mabati. Nimekaa dirishani nikisubiri maji yawe chai. Hayakuwa. Fundi bomba amepanda mara mbili leo, amepita hapa amelowa chapachapa. Nilikuwa nimemwapiza wiki mbili hizi, sikuandika kwa sababu ya aibu. Leo nimemwita, nikampa taulo na kikombe cha chai.

"Bibi," akasema, "ule mteremko wa mwisho wewe ulikuwa unashukaje?"

"Kwa kiburi."

Akacheka. Akasema atafunga kamba pale, kutoka mti hadi mti, ya kushikilia. "Hata wewe ukirudi utaishika." Alisema ukirudi. Hakusema ukipona, hakusema kama.

Jumatano, tarehe 27

Kiatu cha kulia kimekwisha. Nimevivaa ndani ya nyumba hadi jirani wa upande akauliza kama tunahama. Ni vizito. Juu ni vya mkwe wangu, chini ni vya mume wangu, katikati niko mimi.

Jumapili, tarehe 31

Nimefungua kabati.

Mguu umepona, nikawa sina kazi, nikaanza kuwaza: kama viatu vilifia juu, ndani kuna nini? Nikatoa vyote. Sahani za maua nilizopewa nilipostaafu kufua hospitali: nzima. Shuka jeupe: limeota mistari ya njano kwenye mikunjo. Sweta aliyonitumia mjukuu kwa kazi yake ya kwanza ya likizo: nondo wamekula mgongoni, tundu la ngumi nzima. Nililia kidogo kwa ile sweta. Kisha nikaivaa, na tundu lake. Upepo unaingia nyuma, joto linabaki mbele.

Jioni tumekula maharage kwenye sahani za maua. Bi Kimya alipoona alisimama mlangoni.

"Tuna mgeni?"

"Ndiyo. Wewe. Kaa."

Ijumaa, tarehe 5, mwezi wa nne

Nimemtumia mwenyekiti ujumbe: viatu vipo, mguu upo, wewe upo? Amejibu kesho asubuhi. Sili vizuri. Akiona nimeteleza mara moja tu, ndiyo basi.

Jumamosi, tarehe 6

Tulipanda watatu: mimi mbele, mwenyekiti nyuma yangu, Bi Kimya nyuma yake. Mkwe wangu alikuwa hajawahi kufika kule juu, miaka yote hii. Mvua ilikuwa ya wastani, si ya kunihurumia wala ya kuniua.

Kwenye mawe ya kijito nilisimama. Sikuogopa kilima, niliogopa jiwe la pili. Nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo, "Uzi ni mara mbili, Mama." Nikakanyaga. Tairi likashika jiwe kama linalijua. Nalo linalijua kweli, limevuka hapo na mume wangu na mimi mara nyingi kuliko kitu chochote kilicho hai. Nikavuka.

Kule juu nilimwonyesha mkwe wangu chujio, mahali pa kuanzia, namna ya kuinua majani bila kuyasukuma ndani. Akainama akaliosha naye. Maji yaliponguruma bombani akaweka kiganja juu ya bomba na kutabasamu kama mtu aliyeguswa na mtoto tumboni. Nilifanya hivyo hivyo siku yangu ya kwanza.

Kushuka, niliishika kamba ya fundi bomba. Nilidhani nitaona aibu kuishika. Sikuona. Ilikuwa imefungwa vizuri.

Chini mwenyekiti akapumua kwanza. Akatoa ufunguo. Kisha akatoa na wa pili, unang'aa.

"Nimechonga mwingine, Bibi. Huu wako. Huu wa fundi bomba. Mtagawana siku. Na siku za mvua kubwa hakuna kupanda peke yako. Sitaki ubishi."

Ubishi nilikuwa nao tayari mdomoni. Kilima kile kilikuwa changu peke yangu. Nikamtazama mkwe wangu, aliyelowa, tope hadi magotini. Siku ile nilipopiga kelele na mvua ikazila, nani alikuwa ameshaanza kupanda?

"Sawa," nikasema.

"Bibi, umesema sawa?"

"Usinirudishe nyuma, mwenyekiti."

Nimevaa ufunguo. Shingo imepata uzito wake.

Jumatano, tarehe 17

Zamu ya fundi bomba. Nimelala hadi jua likatoka. Si vibaya, kumbe.

Jumatatu, tarehe 29

Mjukuu amepiga simu, anakuja likizo mvua zikiisha. Amesema ataniletea zawadi. Nikamwambia iwe ya kuvaliwa siku hiyo hiyo, mlangoni, kabla hajaketi.

Alhamisi, tarehe 9, mwezi wa tano

Mvua zinaaga. Nimepanda na mkwe wangu baada ya kutoka kazini kwake, tumeongea njia nzima, na sehemu kubwa aliongea yeye. Boksi la buti nimelitoa juu ya kabati, tunawekea vitunguu.

Viatu vyangu viko mlangoni, kando ya vyake. Vina tope hadi kwenye kamba. Sikuvifuta.